Mimba ikitoka, tuulize wanasafisha na nini

Wandugu wachimbaji, leo siongei juu ya bei ya gramu. Naongea juu ya kizazi cha wamama wetu, na najua wengine watacheka: sendika inatafuta nini huko? Mama anayetwanga mawe Kamituga ao kubeba mizigo Misisi ni mfanyakazi kama wewe.

Mimba ikimtoka na damu haikati, tunamkimbiza kwenye sentre ya afya. Fasi nyingi wanamfanyia kiretaji: wanaingiza chuma na kukwangua. Sisemi munganga ni mbaya, wameokoa wengi. Lakini wakati ule kizazi kiko laini sana, na chuma ikipita chini zaidi inaondoa mpaka msingi ule ngozi ya ndani inaotea upya kila mwezi. Fasi zilizokwanguliwa zinaweza kushikana na kufanya kovu. Kisha hapo damu ya mwezi inaweza kupungua ao kupotea kabisa, na mimba inaweza kukosa kushika.

Nilikaa kwenye baraza moja hapa Uvira, familia inataka bwana aongeze bibi. Walihesabu ng'ombe za mali, walitaja mpaka mchawi. Hakuna aliyemuuliza yule mama alisafishwa mara ngapi. Ilikuwa mara mbili katika mwaka moja.

Tangu 2012 Shirika la Afya Duniani, OMS, lilishasema kiretaji ya chuma imepitwa na wakati. Kwa mimba changa watumie kunyonya, ile wanaita AMIU, ao vidonge vya misoprostoli. AMIU ni bomba la plastiki la kuvuta na mukono, haiombi umeme wala jenereta. Kwa hiyo mtu asituambie huku kwenye mashimo haiwezekani. Hata kunyonya hakuondoi hatari yote, lakini inapungua sana.

Wewe bwana, uliza mbele hawajaanza: mtatumia nini? Mama akipata homa ao harufu mbaya, mumurudishe siku ile ile. Damu ya mwezi ikikosa kurudi na hana mimba, mutafute munganga wa wamama, si mchawi. Kovu hilo linaweza kukatwa kwa kamera ndogo kwenye hospitali kubwa yenye apareyi, ila ni safari na ni feza.

Mashimo mengi yana kasa ya ajali na matanga. Kwenye mukutano ujao nitaomba ilipie na matunzo haya, na sentre inayopokea feza yetu iwe na AMIU na mtu aliyefundishwa kuitumia. PDG akisema hayo ni mambo ya wanawake, nitamuuliza ni nani anamutwangia mawe.