Jenerali Howard na Utiifu Wake

Jenerali Oliver Otis Howard wa Marekani husifiwa kwa mambo mawili: mkono wa kuume alioupoteza vitani Fair Oaks mwaka 1862, na chuo kikuu chenye jina lake kilichoasisiwa Washington mwaka 1867, ambamo hata Kiswahili hufundishwa. Sifa hizo ni za haki, ila zimefunika jambo zito zaidi.

Mwezi Mei 1865 Howard alikabidhiwa idara ya kuwashughulikia watumwa walioachwa huru. Baadhi yao walikuwa wamekwisha kugawiwa mashamba ya mabwana waliokimbia vita, nao wakiyalima. Rais Andrew Johnson akaamuru ardhi irejeshwe kwa mabwana hao. Oktoba mwaka huo Howard alikwenda mwenyewe hadi kisiwa cha Edisto, Carolina Kusini, akasimama kanisani kuwatangazia wakulima habari hiyo. Walimpinga ana kwa ana, kisha kwa maandishi. Alihuzunika, lakini alitii. (Huzuni ya mkubwa haimrudishii mnyonge shamba!)

Mwaka 1877 alitii tena, alipowaandama watu wa Nez Perce, waliokataa kuhamishwa makwao, hadi karibu na mpaka wa Kanada.

Watetezi wake hudai kwamba askari hana budi kutii. Hoja hiyo haitoshi. Julai 1865 Howard mwenyewe alikuwa ametoa waraka wa kuwahifadhia wakulima mashamba yao. Basi alijua haki iko upande gani. Angeweza kujiuzulu. Hakujiuzulu, alibaki kitini hadi idara ilipovunjwa mwaka 1872.