Mti Uchorwe kwa Mti

Mwalimu anaposema, "Choreni mti", wengi wetu huchora kijiti kimoja wima na tufe la kijani juu yake. Mti wa aina hiyo haumei Likoni, wala Kisauni, wala Changamwe. Upande huu wa bara wa Mombasa humea mnazi, mwembe, mbuyu, mkwaju, mwarobaini na mikoko. Ni maoni yangu kwamba njia bora ya kuirejesha miti hiyo katika karatasi za watoto wetu ni sanaa mseto, yaani uchoraji unaochanganya rangi, mkaa, nyuzi, mchanga na majani katika picha moja.

Nilipokuwa nikifundisha kwa muda katika shule moja ya msingi huko Likoni, niliwapa wanafunzi zoezi la kuchora mnazi. Msichana mmoja alilipaka shina mkaa, kisha akabandika juu yake kile kitambaa cha nyuzi kinachoshikilia makuti machanga. Wenzake wakauliza, "Mwalimu, hiki kinaitwaje?" Nami, mwenye shahada ya Kiswahili, sikuwa na jawabu. Ni mgema mmoja wa jirani aliyenitoa ujingani: kinaitwa kilifu.

Aibu ile ilinifunza jambo. Anayechora kwa penseli pekee hahitaji kujua zaidi ya neno "mti". Anayebandika hana budi kuokota, na anayeokota hana budi kutaja: karara, makumbi, usumba, kifuu, upongoo. Maneno haya yamo kamusini, lakini neno lisilotamkwa na mtoto limo kamusini kama maiti kaburini.

Wapo watakaodai kuwa kubandika takataka si sanaa. Edward Saidi Tingatinga, aliyeanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968, hakungoja vifaa vya ghali. Alitumia rangi za baiskeli juu ya hadibodi. Rosemary Karuga, Mkenya aliyesomea Makerere mwanzoni mwa miaka ya 1950, alijipatia sifa kwa picha alizoziunda kutokana na vipande vya pakiti za unga na sabuni. Nasi Changamwe tuna ushirika wa wachongaji wa Akamba, ulioanzishwa mwaka 1963. Vibanzi vinavyoanguka chini ya tezo ni malighafi tosha kwa mtoto anayetaka kuunda gome la mti.

Hata hivyo, ipo tahadhari. Gome la mkandaa hutoa rangi nzuri ya wekundu, ilhali hori za Tudor na Mwache zilipoteza sehemu kubwa ya mikoko kati ya mwaka 1992 na 2009. Tuokote kilichoanguka, mti usiuawe ili uchorwe.

Nasi wanachama tusiishie kuchambua taswira ya mti katika ushairi. Wakati wa likizo, kila mmoja wetu amwendee mgema, mshona makuti au mchongaji, arudi na majina, na ayapeleke katika darasa la watoto pamoja na gundi. Tufe la kijani ni msala upitao. Wahenga walikwisha kutuonya tusiache mbachao.