Karte grafike: jina la «kikazi» halimalizi kazi

Katika miji kama Goma, Bukavu na Lubumbashi, kuna vijana wanaojilisha kwa kuchora nyumba na kutengeneza video kwenye ordinatere. Sehemu inayochukua saa nyingi ni ya mwisho: mashini inahesabu mwangaza, kivuli na rangi mpaka picha kamili itoke. Hesabu hiyo inategemea karte grafike, na mara nyingi ndiyo inayomeza feza nyingi zaidi. Anayekosea kuichagua anapoteza akiba ya miezi mingi.

Wengi wanaamini kwamba karte ya kikazi inashinda kila mara karte ya michezo. Imani hiyo inawaponza. Quadro K2000, karte ya kikazi ya mwaka 2013, ina kumbukumbu ya giga 2 tu. GeForce RTX 3060 ya mwaka 2021 iliuzwa kwa ajili ya michezo, lakini kuna yenye giga 12, pamoja na sehemu maalum za kuhesabu miale ya mwangaza. Kwa mtu anayetumia Blender, programu ya bure, hizo mbili hazilingani hata kidogo.

Hata kwa karte za kizazi kimoja, bei inaweza kudanganya. RTX 4090 na RTX 6000 Ada zilitangazwa mwaka 2022, zote juu ya chipu AD102. Ya kwanza, ya michezo, ilianza kwa dola 1 599. Ya pili, ya kikazi, karibu dola 6 800. Ndani ya Blender, mwendo wao hauachani sana. Feza inayozidi inanunua kitu kingine: giga 48 badala ya 24, na uhakikisho wa wenye programu kama SolidWorks na Catia. Injinia anayetumia programu hizo, au studio yenye mradi usioingia ndani ya giga 24, ana sababu ya kulipa. Mchoraji wa nyumba za kawaida hana.

Inabaki hesabu ya umeme. RTX 4090 inaweza kula wati 450. RTX A2000, karte ndogo ya kikazi, inatosheka na wati 70. Kwa anayetegemea betri za jua ao jenereta, hapo ndipo neno «kikazi» linapata maana: umeme ukikatika mbele ya picha kwisha, saa zote zimepotea.

Basi wauzaji waandike mwaka, giga na wati kwenye kila karte wanayouza. Vyuo vya usanifu viwafundishe wanafunzi kusoma namba hizo mbele ya kuwatuma dukani. Na mnunuzi aje na mradi wake mwenyewe, aujaribu kwenye mashini, ndipo atoe feza.