Leseni mfukoni, trela nyuma: tunamkabidhi nani roho za watu?

Kiangazi kikifika Tanganyika, barabara zinafunguka. Malori yanatoka Kalemie kuelekea Nyunzu, Bendera na Moba yakiwa na saruji, chumvi, unga na mafuta, na juu ya mizigo wameketi watu. Ndio wakati wa makongamano ya makanisa yetu pia. Kwaya, wamama na vijana hukodi gari, na mara nyingine ni lori lenye trela, ile tunayoiita remorke, kwa kuwa nafasi ni kubwa na bei ni nafuu. Tunaulizana juu ya bei, mafuta na saa ya kuondoka. Swali moja hatuliulizi: huyu dereva, kuvuta trela alifundishwa na nani?

Trela hubadilisha gari lote. Kwenye kona, magurudumu ya nyuma hayapiti pale yalipopita ya mbele. Yanakata kwa ndani, na hapo ndipo mwenye baiskeli au mama mwenye kikapu anapobanwa. Kwenye mteremko, mzigo wa trela unalisukuma gari. Dereva akikanyaga breki kwa ghafla juu ya changarawe au tope, gari na trela vinaweza kukunjana. Akizitegemea breki peke yake mteremko mzima, zinapata moto mpaka haziwezi tena kushika. Aliyefundishwa huingiza gia nzito akiwa bado juu, kabla hajaanza kushuka. Hata namna ya kupakia ina elimu yake: mzigo ukilundikwa mwisho wa trela, trela huanza kuyumba, na dereva asiyejua sababu huzidi kuhangaika na usukani.

Sheria inaitambua tofauti hii. Nchi yetu, ikiitwa Zaire, ilijiunga na Mkataba wa Vienna wa 1968 juu ya barabara, na kanuni yetu ya barabara ni Sheria namba 78/022 ya tarehe 30 Agosti 1978. Katika mkataba huo leseni ya gari dogo, yaani daraja B, kimsingi inaruhusu trela nyepesi ya kilo 750. Kwa trela nzito kuna daraja lake, E. Kwa hiyo mtu anaweza kuwa na leseni halali mfukoni na bado asiwe na ruhusa ya kuvuta kile kilichofungwa nyuma ya gari lake.

Wenzetu wa mbali nao wanabishana juu ya jambo hili. Huko Ulaya familia nyingi huenda likizo zikivuta nyumba ya magurudumu. Uingereza iliwadai madereva waliopata leseni ya gari dogo tangu 1997 mtihani wa pekee kwa trela kubwa, kisha Desemba 2021 ikauondoa, ili watahini wapate nafasi ya kuwapima madereva wa malori waliokuwa wamepungua. Lakini huko barabara ni za lami na magari yanakaguliwa kila mwaka. Kwetu, mtihani ukikosekana, hakuna kitu kingine cha kumkinga msafiri.

Dereva wetu wengi walianza kama boi-shofa. Shule hiyo hatuidharau. Imetoa watu wanaojua kulitoa lori kwenye tope na kutengeneza injini usiku porini. Ila mwanafunzi hurithi ujuzi wa mwalimu pamoja na mazoea yake mabaya, na hakuna anayempima siku anapokabidhiwa usukani. Wengi wetu tunajua pia kwamba leseni inaweza kupatikana bila mwenyewe kupanda gari mbele ya mtahini. Karatasi ya namna hiyo inasaidia kwenye kizuizi cha polisi. Kwenye mteremko haisaidii.

Mashariki yetu inajua gharama ya lori moja kupinduka. Tarehe 2 Julai 2010, kule Sange katika teritware ya Uvira, lori la mafuta lililotoka Tanzania lilianguka, mafuta yakamwagika, moto ukawaka. Watu zaidi ya 230 walikufa. Wengi wao hawakuwa wasafiri. Walikuwa wakazi wa hapo hapo.

Katika kitabu cha Kutoka sura ya 21, Torati inazungumza juu ya ng'ombe aliyezoea kupiga watu kwa pembe. Kama mwenyewe alionywa na hakumfunga, damu ya aliyeuawa inadaiwa kwake. Wenye malori wengi ni waamini wetu. Wanaketi viti vya mbele, na sadaka zao tunazipokea. Nasi tunaokodi tumekwisha kuonywa.

Basi, kabla ya kulipa, viongozi waombe kuona leseni na kusoma daraja lake. Waangalie kiungo cha trela, mnyororo wake wa usalama, mipira ya hewa ya breki na taa. Katika kila parokia kuna mzee aliyeendesha malori miaka mingi. Apewe kazi ya kukagua na kufundisha vijana. Asipande mtu yeyote kwenye trela. Dereva apate usingizi, na pasta asimsukume akimbie kwa sababu ibada ya ufunguzi inakaribia. Tuongee pia na ACCO, chama cha madereva, tuwaombee na kuwasikiliza, maana mara nyingi mwenye gari ndiye anayewalazimisha kubeba kupita kiasi.

Hayo yataongeza gharama. Kwaya ya watu 40 huenda ikatuma 20 tu, na wengine wataumia moyo kwa kubaki. Tuwaambie ukweli huo mapema, tukiwa bado Kalemie, kuliko kwenda kuwaambia wazazi wao habari nyingine. Bwana awalinde wote walio barabarani, naye atupe uthabiti wa kulikataa gari lisilofaa.