Mtoto bonge Mlingotini: akivuka miaka 5, nani anampima?

Pwani yetu mtoto mnene ni sifa. Mama anaambiwa "umelea", mtoto anaongezewa kitumbua. Sukari ikianza kupanda kwenye damu yake, nyumbani hakuna anayeshtuka.

Tumezoea tatizo la upande wa pili. Utafiti wa afya wa kitaifa wa 2022 ulikuta asilimia 30 ya watoto wa chini ya miaka 5 wamedumaa, waliozidi uzito ni asilimia 4 tu. Ila dunia inageuka. Mwaka 2025 UNICEF ilisema kwa wenye miaka 5 hadi 19, wanene kupindukia (asilimia 9.4) sasa wamewapita wenye uzito pungufu (9.2). Afrika kusini mwa Sahara bado haijafika huko, lakini soda, juisi za pakti na chipsi zimeshafika hadi vijiji vya wavuvi na wakulima wa mwani kama Mlingotini.

Mwilini kinatokea nini? Mafuta yakijaa tumboni na kwenye ini, insulini inafanya kazi kwa shida. Kongosho linatoa nyingi zaidi kufidia. Likichoka, sukari inabaki juu hata asubuhi kabla ya kula.

Dalili huwa hazionekani mapema. Moja ya kuangalia ni ngozi ya shingo au kwapa kuwa nyeusi na nene. Wazazi wengi husugua wakidhani ni uchafu.

Tatizo liko hapa: kadi ya kliniki inaishia miaka 5. Baada ya hapo mtoto hapandi mzani mpaka augue.

Kipimo chenyewe ni tone la damu, baada ya kukaa bila kula walau saa 8. Chai ya sukari ikitangulia, majibu yanaharibika. Chini ya 5.6 ni kawaida. Kati ya 5.6 na 6.9 ni tahadhari, na bado inaweza kushuka kwa kubadili mlo na kucheza zaidi. Ikifika 7, daktari atarudia kipimo.

Tusichanganye mambo: watoto wengi wenye kisukari nchini wana aina ya kwanza, ambayo haisababishwi na ulaji. Mtoto akikonda, akinywa maji sana na kukojoa mara kwa mara, mpeleke hospitali leo leo.

Kwa hawa wanene, pa kuanzia ni shule ya msingi: mzani na futi ya urefu, mara moja kwa mwaka. Kamati ya shule inaweza kuliomba hilo zahanati bila kusubiri mradi.