Tusione Haya Kuitwa Bibi

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua ili nami nitoe maoni yangu juu ya jambo ambalo wengine wataliona dogo, lakini nyumbani kwangu lilileta machozi. Jambo lenyewe ni hili la sisi akina mama tunaopata wajukuu kukataa kuitwa Bibi.

Mimi ni fundi cherehani hapa Tanga. Binti yangu alipojifungua nilikuwa na umri wa miaka 48. Siku hiyo hiyo jirani mmoja alipita kibarazani akaniambia, "Hongera Bibi!" Wasomaji wataniwia radhi, lakini neno lile lilinichoma kama sindano. Niliona nimezeeshwa mchana kweupe. Nikaapa kwamba mjukuu wangu hataniita Bibi. Ataniita Mama, kama wateja wangu wanavyoniita.

Binti yangu ni mtumishi huko Dodoma. Likizo yake ya uzazi ya siku 84 ilipokwisha alirudi kazini na mtoto, akatafuta yaya. Mtoto alipotimiza mwaka mmoja na miezi miwili yaya akaondoka bila kuaga, na mimi nikaletewa mjukuu. Sikulalamika, bali nilifurahi. Nikamfundisha kusema Mama, naye akasema. Kila aliponiita hivyo mbele ya watu nilijiona kijana.

Baada ya miezi kumi binti yangu alikuja likizo. Alishuka stendi na mizigo yake, na gauni jipya la mwanawe mkononi. Mtoto akamtazama, akamwita kwa jina lake, kama anavyonisikia nikimwita kwenye simu, kisha akakimbia kujificha nyuma ya kanga yangu huku akisema, "Mama, Mama." Binti yangu hakusema neno. Aliingia jikoni kama mtu anayekwenda kutazama chungu, nami nilipomfuata nilimkuta analia.

Nilimwuliza, "Sasa unataka mtoto aniite nani?" Akanijibu, "Mama, wewe uliwahi kuniuliza mimi nitaitwa nani?"

Ndugu Mhariri, sikuwa na jibu, na tangu siku hiyo nimelifikiri sana jambo hili. Nimegundua pia kwamba siko peke yangu. Wapo akina mama wengi wanaoitwa Mama, Mami au Anti na wajukuu wao wenyewe, na wengine huona afadhali waitwe kwa Kiingereza kuliko kuitwa Bibi. Hii ya mwisho naiita kasumba, maana uzee hauondoki kwa kutafsiriwa.

Kwanza, tujiulize neno lenyewe lina aibu gani. Bibi si neno la uzee peke yake. Msichana anapoolewa, siku yake ya furaha kuliko zote, tunamwita bibi harusi, na hakuna aliyewahi kukataa. Binti aliyetoka chuo cha kilimo jana, akipelekwa kijijini leo wakulima humwita Bibi Shamba. Kadi za mwaliko zimeandikwa "Bwana na Bibi" miaka yote. Na Bibi Titi Mohamed, aliyezaliwa mwaka 1926, alipokabidhiwa uongozi wa wanawake wa TANU mwaka 1955 alikuwa hajafika hata miaka 30. Watu walimwita Bibi kwa heshima, na leo barabara kubwa mjini Dar es Salaam inaitwa kwa jina hilo. Basi jina ambalo tulilipokea tukiwa maarusi, kwa nini tulikimbie tukiwa na wajukuu?

Pili, sisemi kwamba kila mwenye mjukuu lazima aitwe Bibi. Mama yake mkwe wangu ni mtu wa Mombasa, naye alichagua kuitwa Nyanya kama ilivyo desturi ya kwao. Watoto wa mtaani kwetu walicheka, wakauliza kama ni nyanya ya kachumbari. Naye akawajibu kwamba huko kwao watu wengi wakisema "bibi yangu" wana maana ya mke, na yeye hataki kuitwa mke wa mtu. Tulicheka wote, na mtoto sasa ana Bibi wa Tanga na Nyanya wa Mombasa, wala hachanganyi. Mwenye kutaka aitwe kwa lugha ya kabila lake ni haki yake pia. Mgeni ajaye duniani hana shida ya kujifunza jina lolote.

Ninachosema ni kwamba katika majina yote yaliyopo, liko moja ambalo si letu kulichagua. Jina la Mama lina mwenyewe. Wahenga walisema kuzaa si kazi, kazi ni kulea, nami nakiri kwamba methali hiyo niliitumia kujitetea. Lakini wahenga hao hao walisema uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Binti yangu hakumtupa mwanawe. Alikuwa kazini akitafuta fedha ya maziwa tuliyokunywa hapa Tanga. Mimi nilipolichukua jina lake, nilimnyang'anya kitu ambacho hakuna mshahara unaoweza kukinunua.

Najua wapo akina bibi wanaolea yatima. Hao siwagusi. Mtoto asiye na mama akimwita bibi yake Mama, ni nani atakayemkataza? Lakini hata huyo ni vizuri aonyeshwe picha na aambiwe ukweli kuhusu aliyemzaa, kabla hajaambiwa na watu wa nje.

Tatu, ningependa kuwashauri akina mama wenzangu wanaotarajia wajukuu. Jambo hili lizungumzwe mapema, kabla mtoto hajaanza kusema. Bibi aseme anapenda aitwe nani, na wazazi waulizwe kama wameridhika. Na bibi anayelea mjukuu akiwa mbali na mama yake, asimtaje binti yake kwa jina tupu mbele ya mtoto. Aseme "mama yako amepiga simu," "mama yako ameleta gauni." Mtoto hujifunza anachosikia, si anachozaliwa nacho.

Kwangu kulirudisha jina lile hakukuwa rahisi. Kila mtoto aliponiita Mama nilimjibu, "Mama yuko Dodoma, mimi ni Bibi." Siku za mwanzo alilia, akadhani nimemkasirikia, na mimi nililia nikiwa peke yangu kwenye cherehani. Ilichukua karibu miezi mitatu. Lakini mama yake alipokuja tena, mtoto alisimama mlangoni, akamtazama, akanitazama mimi, kisha akasema polepole, "Mama." Sijaona malipo ya ulezi yanayozidi hayo.

Sasa amerudi Dodoma kwa wazazi wake na ameanza shule ya chekechea. Jioni simu ikilia husikia sauti yake ikiuliza, "Bibi, umekula?" Na jirani yule wa kibarazani akipita na kunisalimu, "Shikamoo Bibi," huitikia marahaba bila kinyongo.



Bibi wa Ngamiani,
Tanga.