Mtoto hulelewa na anayebaki naye

WAHENGA walisema asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Methali hii inasikika sana siku hizi miongoni mwa ndugu zetu waliorejea makwao kutoka makazi ya wakimbizi ya Nakivale, na mara nyingi husemwa kwa kulaumu. Mtoto hana adabu, hajui lugha ya babu yake, anapenda filamu za ngumi kuliko daftari. Mwisho wa yote anabandikwa jina: "mtoto wa kambi."

Naona lawama hiyo imekosea njia. Swali la kujiuliza ni moja: zile saa ambazo wazazi tulikuwa sokoni, mtoto huyo alibaki na nani?

Ikumbukwe kuwa Nakivale si makazi ya jana. Yalianza mwishoni mwa miaka ya 1950, katika eneo ambalo leo ni wilaya ya Isingiro, wilaya iliyomegwa kutoka Mbarara mwaka 2005. Wa mwanzo kujaa hapo walikuwa Wanyarwanda waliokimbia machafuko ya 1959. Baadaye wakaja Wakongo, Warundi, Wasomali, Waethiopia na wengineo. Mtoto wa hapo husikia Kinyarwanda kwa jirani, Kisomali dukani, Kinyankole sokoni, Kiswahili mchezoni na Kiingereza darasani. Mfanyabiashara yeyote wa Mutukula, Kikagati au Katuna anajua thamani ya mtu anayeweza kupatana bei kwa lugha nne. Kwa hiyo mazingira ya Nakivale peke yake si adui wa mtoto.

Mtaalamu wa Marekani, Urie Bronfenbrenner, ambaye naye alizaliwa Moscow mwaka 1917 na kuhamishiwa ugenini akiwa na miaka sita, alieleza jambo hili vizuri katika kitabu chake cha mwaka 1979. Alisema mtoto hukua ndani ya duara nyingi: nyumba, shule, mtaa, na hata mahali ambapo yeye mwenyewe hafiki, kama vile kazini kwa mzazi. Wafanyabiashara wa mpakani hawahitaji kufundishwa hilo. Rwanda ilipofunga mpaka wa Gatuna Februari 2019, hadi ulipofunguliwa tena mwishoni mwa Januari 2022, mtoto ambaye hajawahi kuuona mpaka huo aliuona kwenye sahani yake ya jioni.

Na hali imekuwa ngumu zaidi. Mei 2025 Shirika la Mpango wa Chakula Duniani (WFP) lilitangaza kuwa wakimbizi wapatao milioni moja nchini Uganda wameondolewa kwenye mgao kwa sababu ya uhaba wa fedha. Mgao ukikatwa, mama hana budi kwenda kutafuta. Anaondoka alfajiri kwenda Mbarara na magunia ya maharage, na akikosa mnunuzi analala huko. Nyumbani anabaki binti wa miaka kumi akiwalea wadogo zake watatu. Tusimwite mama huyo mzembe. Lakini pia tusijidanganye kuwa binti huyo ni mlezi. Ni mtoto aliyenyang'anywa utoto wake.

Pengo hilo ndilo linalozibwa na kibanda cha video na simu. Mwaka 1963 Albert Bandura na wenzake walionyesha kwamba watoto walioona kwenye filamu mtu mzima akilipiga sanamu la mpira, waliiga mapigo yale yale walipopewa nafasi. Picha si upepo unaopita, inabaki kichwani. Hata hivyo, sisemi video zipigwe marufuku. Filamu ile ile, akiwepo mtu mzima wa kusema "huyu amekosea, tazama yaliyompata," huwa funzo. Bila mtu huyo, mwenye ngumi nzito ndiye anayekuwa mwalimu.

Shule nazo zilituonyesha hasara ya mtoto kukosa mtu. Uganda ilifunga shule Machi 2020 kwa sababu ya korona, na ingawa baadhi ya madarasa yalirudi kwa vipindi, milango haikufunguliwa kwa wote hadi Januari 2022. Wapo waliozoea kuuza sokoni na hawakurudi tena darasani.

Wapo watakaosema biashara haingoji. Ni kweli, haingoji, na mtoto naye hangoji kukua. Lakini dawa tunayo mikononi. Katika vikundi vyetu vya kuweka na kukopa tunapokezana zamu ya kupokea fedha. Kwa nini tusipokezane zamu ya kubaki? Siku ya soko mmoja asisafiri, akae na watoto wa wenzake watano, na wale watano wamchangie faida ya siku hiyo. Mkono mmoja haulei mwana. Viongozi wa vijiji nao wakubaliane na wenye vibanda kwamba saa za masomo mtoto haingii. Na tukipiga simu nyumbani tusiishie "mmekula?" Tuulize pia mwalimu amefundisha nini, na ni nani aliyekuja kucheza.

Kwa ndugu mliorejea, nina ombi. Mtoto aliyesoma kwa Kiingereza Uganda akifika Burundi au Kongo anakuta Kifaransa darasani. Akinyamaza si mjinga, na akijibu kwa Kiswahili cha Nakivale si mkaidi. Anahama kutoka ulimwengu mmoja kwenda mwingine, kama ninyi mlivyohama. Mpeni muda, mfundisheni lugha ya babu yake kwa upole, wala msimfute zile alizokuja nazo, maana kesho ndizo zitakazomvusha mpaka akiwa na mzigo wake mwenyewe.

Kabla hatujamwita mtoto wa kambi, basi, tuhesabu saa. Saa ngapi kwa wiki alikaa na mtu mzima anayemjali, na saa ngapi na kibanda? Jibu la hesabu hiyo ndiyo tabia tunayoiona leo, na sehemu kubwa ya hesabu hiyo iko mikononi mwetu kuibadilisha.